Mkate Wenye Tundu

Tampere, Machi 1918

Kaka yangu mpendwa Iisakki,

Pokea salamu zangu za moyo. Kifua chako kimepona? Na mama, miguu bado inamsumbua? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila roho iko juujuu tangu niingie mji huu. Mlango ukigongwa nashtuka. Mtu akicheka nyuma yangu, nadhani ananicheka mimi.

Ulinituma nijifanye mkimbizi kutoka Savo, huko mashariki, nipate kazi katika jiko la jeshi la Wekundu, adui zenu katika vita hivi vya wenyewe kwa wenyewe, na kuwaletea ninyi Weupe habari zao. Kazi niliipata. Naoka mkate wa askari, na askari anayesubiri mkate hana breki mdomoni: mizinga iko wapi, nani kachoka, daraja gani halina ulinzi. Yote umeyapata. Uliponisifu nilivimba kichwa, sikufichi.

Iliyoniponza ni mikono yangu. Asubuhi moja mawazo yalikuwa mbali, nikaukanda unga wa nafaka ya rai, nikausukuma bapa, nikautoboa tundu katikati, kama mama anavyofanya ili mikate itundikwe kwenye mti darini. Watu wa Savo hawatoboi mkate. Wao huuoka mnene, wakaula ukiwa laini. Na mkuu wa jiko letu, Mama Loviisa, ni Msavo kindakindaki.

Aliutazama mkate, akanitazama mimi. Akauliza, we binti, huko kwenu panya ndio waokaji? Wanawake wakaangua kicheko. Akaumegamega, akautumbukiza kwenye supu, akawaambia mkimbizi mwenye njaa husahau hata jina lake, waniache. Tulipobaki wawili alininong'oneza kwamba nikirudia upumbavu ule nitatuua sote. Nilimuuliza kwa nini hanichongei. Akanijibu kwa ukali kwamba vita hivi vimeshamzikisha mwana, hana hamu ya kumpeleka mtoto wa mwenzie ukutani apigwe risasi. Akaniambia niache maswali, uji unaungua.

Tangu hapo sina raha, kaka. Ananisuka nywele, ananiwekea kahawa ya mwisho, nami nawaelekeza ninyi pa kupiga. Nilimpenda, na nilijichukia kwa kumpenda.

Sasa mambo yameharibika. Mmoja wa wale wanawake amewaambia walinzi habari za mkate ule, na jinsi Loviisa alivyouficha. Kesho tutahojiwa, yeye na mimi, na hapa anayehojiwa kwa ujasusi harudi. Tukitoroka pamoja, tanuri litapoa na tutafuatwa kabla hatujavuka ziwa.

Basi nikuambie nilichofanya. Huyo mama aliyekukabidhi barua hii, mwenye shali ya kijivu, ndiye Loviisa. Nimempa lile neno la siri la kupitia kwa walinzi wenu. Najua ulisema ni la mtu mmoja tu. Mimi nimebaki nikioka, moshi uonekane, wasimtafute mapema.

Usimfunge, na asiguswe na yeyote. Mpe chakula, umpeleke nyumbani kwetu, akae na mama. Nimemwambia nitamfuata, naye ameniamini. Usimwambie vinginevyo mpaka afike.

Nisalimie mama, umbusu mikono yote miwili. Nawe jifunike kifua, baridi bado ni kali.

Mdogo wako akupendaye,
Hilja