Springi Nilizozikaza Mtoni

Mbangala, kambi ya mtoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao Lameki nakusalimu kutoka huku bondeni, ambako joto linanipika tangu asubuhi na simu imekuwa pambo la mfukoni, maana mtandao mpaka upande kilima. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na barua hii ataileta dereva wa Fuso la ufuta hadi Tunduma. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Mama hajambo? Mgongo wake umepoa? Na wewe, mikono yako inaendeleaje?

Nakuuliza wazi kwa sababu dereva huyohuyo ndiye aliyeniletea salamu za Mama. Anasema mtetemeko umezidi, gereji umeacha kwenda, na chakula unapelekewa chumbani ule peke yako, mlango umefungwa. Niliposikia hivyo nilikaa chini mchangani. Nitalirudia jambo hili. Kwanza nikusimulie nililoliona huku, maana sijapata kuona kitu kama hiki.

Nilikuaga nikisema nakwenda kuchomelea mashine ya umeme wa maji. Nilitegemea kukuta bwawa na mapanga makubwa yanayozunguka. Baba, hakuna! Kuna bomba la chuma, nene kuliko paja lako, limelazwa kukingama mto, limezama. Kila ncha imeshikwa na springi ndani ya fremu, basi. Maji yakishalipita bomba yanajikunja nyuma yake, mara kwa juu, mara kwa chini, na kila mkunjo unalivuta bomba upande wake. Kwa hiyo linapanda na kushuka usiku na mchana. Limeungwa na fimbo yenye sumaku inayopita katikati ya waya wa shaba uliozungushwa, na hapo umeme unatoka, kama dainamo ya ile baiskeli yako ya zamani. Mto wenyewe wala hauendi mbio, na samaki wanapita wanavyotaka.

Sasa cheka. Siku niliyofika, Injinia Rehema, dada anayesimamia jaribio hili, alikuwa amekwenda kupokea vifaa. Nikaikuta mashine inacheza, springi zimelegea. Wewe umenilea kwenye foleni ya malori pale mpakani, nitaonaje springi inacheza nikatulia? Nikasema moyoni, hawa wasomi hawajui kukaza. Nikavua shati, nikaingia majini na spana, nikakaza kila nati. Penye nafasi kwenye springi nikachomeka vipande vya tairi, vilevile tunavyofanya kwa lori la Mzambia lililozidisha mzigo. Bomba likatulia tuli. Nikakaa ukingoni nimejaa sifa, nikijiona na mimi sasa ni mudala, kama madereva wa Nakonde wanavyokuita wewe kwa heshima ya uzee wako.

Kumbe umeme ule wa majaribio unakwenda kanisani, na kwaya walikuwa mazoezini. Kinanda kikakatika katikati ya wimbo. Akina mama wakajikongoja kidogo bila kinanda, halafu kimya. Mara Mama Tumaini, kiongozi wa kwaya, akateremka mbio mpaka mtoni.

"Jamani! Nani kauzima mto?"

"Mto si huo unapita, mama," nikamjibu. "Mashine ndiyo ilikuwa mbovu, inagonga. Nimeshaitengeneza."

Injinia naye akawa amefika. Akatazama bomba, akatazama vipande vyangu vya tairi, akacheka mpaka akashika magoti.

"Fundi, umekaza?"

"Nimekaza, na haitalegea leo wala kesho."

"Basi umeiua, kaka yangu. Wenye madaraja na mabomba wanahangaika kuuzuia mtikisiko huu. Sisi ndio tunaoutafuta."

Akanirudisha majini nikatoe nilivyoweka, akaniambia niweke kiganja juu ya bomba. Baba, sijui nikuelezeje. Kwanza kilikuwa chuma baridi tu, kimelala. Nikachomoa kipande cha mwisho. Kikaja kitu kidogo sana, kama mtoto anavyocheza tumboni mwa mama yake. Halafu bomba likainuka lenyewe, likanyanyua mkono wangu mpaka bega, nikajaribu kulikandamiza nikashindwa, mimi ninayebeba difu ya lori peke yangu! Huko juu kinanda kikaita, na akina mama wakapiga vigelegele. Nililia palepale, na Injinia akajifanya hanioni. Maji yaleyale ninayoogea kila siku, kumbe Mungu ameficha nguvu kiasi hicho ndani yake. Mpaka leo nateremka kulitazama kabla ya chai, na bado mwili unanisisimka.

Sasa nirudi kwako. Usinielewe vibaya, sisemi mikono yako ni mashine. Ugonjwa ni ugonjwa. Mama akikuambia twende hospitali, usimbishie. Lakini najua kinachokufungia ule mlango. Miaka yote umetufundisha gerejini kwamba kinachotikisika ni kibovu, kikazwe au kitupwe. Naona umejihukumu kwa maneno yako mwenyewe. Hata mimi niliyabeba mpaka huku, nikawazimia watu kinanda. Kwa malori ni kweli, baba. Kwako si kweli hata kidogo, na inaniuma kwamba unakula umejificha ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie mdogo wangu Sara na cherehani yake, shangazi Eliza wa Itaka akija na kahawa, na vijana wote wa gereji, waambie wasiguse spana zangu.

Fuso likirudi tena na ufuta, nitakuwa ndani yake. Mwambie Mama atandike mkeka uani, majirani wakipita wapite. Nitashika jagi na beseni mwenyewe, nikunawishe mikono mbele ya macho ya wote. Itatetemeka, maji yatamwagika, tutalowa wote wawili. Halafu tutakula ugali sahani moja.

Ni mimi mwanao,
Lameki