Wakili Aliyetuuzia Kaburi Lako

Baba mdogo Paulo,

Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya Kijaluo chetu kwa sababu habari yako ya mwisho ilikuwa kwamba umevuka kuingia Zaire na lori la samaki wakavu. Kama macho yamechoka, aliye karibu nawe ataweza kukusomea.

Ulipoondoka nilikuwa darasa la pili. Ulikuwa fundi wa injini Homa Bay, na Jumamosi ulikuja nyumbani Lambwe kwa baiskeli, mikono ikinuka grisi hata baada ya kunawa kwa majivu. Uliniita Mkaguzi kwa ajili ya maswali yangu. "Ficheni chai, Mkaguzi amefika," ulisema nikiingia jikoni, na Dani, mama yako, alikwambia uniache, kwani nyumba ile ilikuwa na wasemaji wa kutosha. Ulinifundisha kusoma maandishi ya ubavuni mwa malori kabla mwalimu hajanipa kitabu. Siku ya safari ulinipandisha kwenye kiti cha dereva, ukanionyesha breki, ukasema utarudi miwa ikiiva. Hayo nayakumbuka kwa uhakika. Mengine niliyasikia tu, na sitayaandika kana kwamba niliyaona.

Miwa imeiva mara nyingi.

Mwaka jana baba, kaka yako, alikuwa amestaafu ualimu. Duka moja la simu mjini Migori lilikuwa limepata kompyuta, naye akachukua anwani ya barua pepe pale ili tuandikiane, mimi nikiwa gazetini Kisumu. Siku moja mwenye duka akamchapishia ujumbe wa mtu aliyejiita wakili, wa Lome. Ujumbe ulisema Injinia P. Okeyo, jina kama lako, alikufa kwa ajali ya gari miaka miwili nyuma, bila mrithi. Fedha zake zimelala benki. Mwenye jina hilo anaweza kuzidai, mradi alipe kwanza gharama za wakili.

Ofisini kwetu barua za aina hiyo zilikuja kwa faksi kabla hata ya barua pepe. Wanabadilisha jina tu. Nilienda nyumbani nikamweleza baba hivyo, nikamkumbusha kwamba akina Okeyo wamejaa kuanzia Lambwe hadi Awendo. Lakini ujumbe ulikuwa umeshasomwa mbele ya Dani. Alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua macho.

"Wewe unasema pesa ni uongo," aliniambia. "Mimi sijauliza pesa. Nimeuliza amezikwa wapi."

Baba akamwandikia wakili kwamba fedha wabaki nazo, sisi tunataka mwili. Nadhani hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Alipoandika tena alikuwa mtu mwingine: mpole, akimpa pole mama mzee, akieleza habari za ruhusa ya kufukua, jeneza la kusafirishia, nafasi katika ndege. Kila kimoja kilikuwa na bei yake. Baba akatuma pesa alizolipwa za miwa, kisha akauza mafahali. Nilipombishia alisema, "Ni ndugu yangu. Ingekuwa ni wewe ningeuza pia."

Dani naye alianza kutuma maswali yake. Kila baba alipokwenda mjini alimpa moja. Aliuliza kama marehemu ana kovu juu ya jicho la kushoto, pale ulipokatwa na jembe ukiwa mtoto. Wakili akajibu kwamba jeneza limefunguliwa na kovu limeonekana wazi. Siku hiyo Dani aliwaita majirani, na nyasi zikafyekwa mahali pa kaburi lako.

Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimesimama. Nikamwuliza baba ni kovu gani linalobaki usoni mwa mtu aliyezikwa miaka miwili. Aliitazama karatasi, akavua miwani, akatoka kwenda kwa ng'ombe, ingawa hakukuwa na kazi huko. Dani alikuwa amezika watu wengi. Hakuhitaji maelezo zaidi.

"Kwa hiyo bado," alisema.

"Bado, Dani."

"Basi umenirudisha kungoja, nyathina, mtoto wangu."

Hakuwa na hasira. Majirani waliambiwa mmoja mmoja, na nyasi zikaota tena.

Wakili hakupatikana. Baba hazungumzii mali iliyokwenda, nami siiulizi. Ninachokifikiria ni kwamba miezi ile mama yako alikuwa akilala usingizi. Alijua uko wapi.

Samahani kukupa habari hii gazetini: Dani alifariki mwaka huu, kabla ya mvua za Machi. Sasa wazee wa ukoo wanataka tuzike yago mahali pako, lile tunda refu zito linalozikwa kwa niaba ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Dani alilikataa maisha yake yote. Alisema mama hamziki mwanawe kwa kukisia. Baba amewaomba wazee wangoje hadi mavuno ya Agosti, akaniambia nitafute. Nimewauliza madereva wa Busia, mapadre waliofanya kazi Zaire, wafanyabiashara wa samaki waliozeeka. Hakuna. Imebaki barua hii.

Najua hutaisoma peke yako. Kila tulichomwambia wakili kukuhusu alituuzia, na haya niliyoyaandika, grisi, kovu, jina la Mkaguzi, yanaweza kunirudia kesho katika ujumbe wa mtu nisiyemjua. Kwa hiyo kuna jambo moja nimeliacha nje. Lilitokea tukiwa wawili tu, njiani kutoka Homa Bay kuja Lambwe, na sijawahi kumsimulia mtu. Kama uko hai, niandikie jambo hilo kupitia gazeti hili. Huna haja ya kueleza miaka yote hii ilikwendaje. Nitalitambua katika sentensi ya kwanza, na nitakwenda kumwambia baba kwamba yago libaki mtini.

Agosti ikipita kimya, nitasimama karibu naye tukizika, na jambo hilo nitakuwa ninalijua peke yangu.

Binti wa kaka yako