Niliwaambia Wakwe Mimi ni Yatima, Mama Yupo Basotu

Mpendwa Mshauri Rogathe, niokoe, zimebaki Jumapili mbili padri atangaze ndoa yangu na lazima ataje wazazi wangu.

Mimi ni Gidahosh, Mbarbaig wa Basotu, ila hapa Dongobesh ninapotengeneza pikipiki wananijua kwa jina la ubatizo, Nikolausi, na kwa kuwa nilisoma bweni na Wairaqw lugha yao naiongea kama yangu na usoni sina chale za kwetu, watu wakanidhania Mwiraqw, nami nikanyamaza, hadi nikampata Genoveva, mwalimu, binti wa mzee Herman wa Tumati, ambaye aliwahi kuibiwa ng'ombe na Wabarbaig na tangu hapo sisi wote kwake ni Mang'ati, jina tusilolipenda, basi mzee aliponiuliza kwetu ni wapi nikasema ni yatima wa Masieda, kijiji cha Wairaqw. Mshauri, naona haya: utani wa Mang'ati pale mezani kwake nautunga mimi, na unapendwa sana.

Genoveva alinisimulia riwaya ya Kimarekani, ya mwanamke mweusi aliyezaliwa na ngozi nyeupe akaishi kama mzungu. Nikamuuliza, "Iliishaje?" Akasema, "Mimi nilimwonea huruma mama yake."

Halafu wiki iliyopita mjomba wangu, kaka yake mama, akaja nyumbani kwa mzee Herman kumwuzia dume la ng'ombe, akanikuta nimekaa. "Huyu ni mkwe wangu," mzee akasema, "yatima, maskini." Mjomba akatabasamu, akaniambia kwa Kibarbaig: "Kumbe dada yangu amekufa? Asubuhi nimemwacha anakamua." Nikakaza uso. Akaendelea kwa upole kabisa: "Na masikio yako kama ya punda aliyenyeshewa." Mzee akauliza, "Anasemaje?" Nikajibu, "Sijui, mzee, labda anasifu dume lake." Mama Genoveva, aliyekuwa anatuletea chai, akacheka hadi akaimwaga. Tangu siku hiyo sili. Nifanyeje?

Nikolausi, Dongobesh
(Majina yote tumeyabadilisha.)

MSHAURI ANAJIBU:

Pole, Gidahosh. Sasa nisikilize. Kunyamaza sikushangai, mgeni anayetafuta kazi na chumba, wengi wangenyamaza. Lakini utani ule nani alikulazimisha? Na kumwua mama yako kwa mdomo, mwanaume mzima, huko si kunyamaza tena.

Halafu, wewe unasoma unachoandika? Mjomba aliongea Kibarbaig. Mama Genoveva alicheka nini? Anakijua, kijana! Alikojifunzia atakuambia mwenyewe. Tangu siku hiyo anajua wewe ni nani, na inaonekana hajamwambia mumewe. Anakusubiri useme. Usidhani atasubiri hadi sherehe.

Leo, si kesho, mwambie Genoveva yote, na huo utani pia. Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Kisha umwombe mjomba radhi, mwende wote kwa mzee Herman. Toa shikamoo, sema jina lako na la baba yako, halafu mwache apige kelele. Kuchukia uongo ana haki. Kukuchukia kwa kabila lako hana, na hilo umwambie kwa heshima bila kuinamisha kichwa. Anaweza kukunyima baraka. Hiyo ndiyo gharama, na umeichelewesha mwenyewe. Padri mwache awe wa mwisho.

Jumamosi nenda Basotu, na Genoveva au peke yako. Msalimie mama kwa lugha yake. Akikupiga, vumilia: bila shaka kaka yake ameshamwambia kwamba kwako yeye ni marehemu.