Meseji ya Emilian imeingia akiwa mbele yangu

Germana, nimeumbuka!

Niko na Emilian hapa Karatu mjini, tunakula chipsi. Leo hana wageni wa kuwapeleka mbugani. Mara simu yangu ikalia, meseji yake: "Mpenzi, niko kreta ya Ngorongoro na wageni, nakuwaza."

Yuko mbele yangu! Anatafuna!

Nikamuuliza, "Nani katuma hii?"

Eti, "AI ilinitengenezea programu ya meseji. Inakutumia yenyewe kila mchana, usijisikie mpweke."

Zile meseji nilizokuwa nakuringishia, shosti!

Nikamnyang'anya simu nione inavyofanya kazi. Kumbe inawatumia meseji watu wawili, mimi na Lightness, yule wa mapokezi kule loji anakolaza wageni wake.

Kwangu imeandikwa "mpenzi". Kwa Lightness imeandikwa "mke wangu".

Mke wangu, Germana! Mimi hajawahi kuniita hivyo hata kwa bahati mbaya.