Shemeji Mlangoni pa Maonyesho

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu ya kuisoma; kama huna, iweke kwanza. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujakaa. Habari kwamba lori lilimgonga shemeji pale Mikumi ilinifikia huku Ujerumani mmeshamzika. Pole sana, dada. Umekaa eda, nami sipo hata kukuchotea maji.

Unawakumbuka wageni niliokuja nao Malolo kiangazi kile, wakampiga shemeji picha za video akikarabati tembe lenu? Walikuwa wanaandaa maonyesho ya nyumba za udongo za nchi mbalimbali. Walitaka mkanda mfupi unaomsimulia mwenye nyumba, uwekwe kwenye televisheni mlangoni, wapita njia wavutiwe waingie. Mfasiri wao nilikuwa mimi.

Basi kila asubuhi nikifika kazini hapo maonyeshoni nilikuwa namkuta shemeji mlangoni, yuko juu ya paa, anacheka, anakaribisha watu. Wanasimama kwenye baridi kumtazama. Wiki ya kwanza nilikuwa napitia mlango wa nyuma.

Nikamwendea mkuu wetu, mama mmoja mtu mzima. Nikamwambia huyu mtu amefariki na mkewe yuko edani, naomba mkanda uzimwe. Alinishika mkono, akanipa pole.

"Lakini watu wanaingia kwa sababu yake," akasema.

"Basi rudisheni maneno mliyoyakata."

Maana walikata, dada. Mpiga picha alimwuliza shemeji anaipendea nini nyumba yake, naye akajibu, "Siipendi. Zamani bati hupati mpaka kibali, siku hizi mabati yamejaa madukani Kilosa. Nikivuna vizuri naibomoa."

Mkuu alitikisa kichwa. "Nani atakuja kutazama nyumba ambayo mwenyewe anataka kuibomoa?"

Jumamosi bibi mmoja aliyekuja kutazama aliniuliza kama yule baba bado anaishi kwenye nyumba nzuri vile. Nikamweleza yote, kifo na mabati, watu wakisikiliza. Mkuu naye alisikia. Jioni akaniambia nisirudi tena. Kibali changu cha kukaa kinategemea kazi hiyo, kwa hiyo masika yakianza huko sijui nitakuwa wapi. Mkanda bado wanauonyesha. Jana nilipita ng'ambo ya barabara, nikamwona shemeji.

Nisalimie Mama Mkubwa wa Magomeni, usimwambie habari za kazi. Mjomba Rajabu, aliyemwosha shemeji, mwambie namshukuru kwa kumsitiri. Zaina mwanao mbusu, asiache shule kwa ajili ya msiba.

Dada, sikuandika haya ili ubebe na mzigo wangu. Kuna maneno mengine waliyoyakata, na hayo ni yako. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani, hukuyasikia, na mimi niliona haya kukuambia maneno ya mumeo. Mpiga picha alimwuliza kwa nini ang'ang'anie mabati. Shemeji alishuka kwanza, akakung'uta mikono, akasema: "Mvua ikinyesha, mke wangu anaamka kuhamisha vyombo paa linapovuja. Anatembea polepole, anadhani mimi nimelala. Nataka na yeye alale."

Mdogo wako anayekulilia,
Mwajuma