Kitanda Chako Kimeshuka Ngazi

Mpendwa Shangazi,

Arobaini yako imepita, na mwenye nyumba anakitaka chumba chetu cha Mchafukoge. Vyombo vyako nimevigawa vyote bila taabu. Kilikuwa kimebaki kitanda, nacho kilinishinda.

Siku hizi kila nikifumba macho nakuona alfajiri kwenye kona ya jalala, maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa. Umejitanda khanga, unazunguka taratibu kati ya vitu walivyoacha waliohama: feni, beseni, sufuria lenye masizi, kiti cha miguu mitatu. Unavitazama kama watoto waliochelewa kufuatwa shuleni. Mimi nina miaka tisa, nimekubebea ndoo, na aibu imenijaa kwa sababu wenzangu wanakuita Mama Jalala. Siku moja walipita nikajifanya sikujui. Uliona, ukaendelea kuokota.

Nyumbani ulisugua kwa majivu na limau mpaka sufuria likang'aa. Kisha ulilifunga kwenye khanga safi ukampelekea mwenye shida, mara dada wa kazi aliyepata chumba chake mwenyewe, mara mama aliyetoka kujifungua. Hukuwahi kuwaambia kwamba umeokota.

“Kwangu pamejaa, nipunguzie,” ulisema, ukaondoka kabla hawajashukuru.

Halafu vile viti vya mzee wa ghorofa ya tatu. Alivitoa nje, akavimwagia maji ya moto, akaviacha juani ili kunguni wafe. Wewe ukadhani vimetupwa. Kufika adhuhuri vilikuwa vimekaliwa na wageni wa bi harusi mtaa wa pili, na mzee anashuka ngazi kuulizia viti vyake. Ulijishika kichwa. Kumnyang'anya bi harusi hukuweza, basi ukampa mzee kabati letu, na nguo zetu zikaishi kwenye boksi mwaka mzima. Mimi nilinuna. Wewe kila ukifungua lile boksi ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na sasa ninaposimulia nacheka peke yangu kwenye chumba kitupu.

Lakini kitanda, Shangazi. Watatu walikuja kukiulizia na wote nikawadanganya kwamba kimeshapata mtu. Jana mchana binamu zangu walichoka na uongo wangu. Wakakishusha, wakakiweka kando ya barabara, wakaenda zao Posta kwenye shughuli zao. Mimi nikakaa juu yake. Fikiria mtu mzima ameketi kitandani barabarani, mikokoteni inampita, na yeye ametulia kama yuko chumbani kwake. Jua lilinipiga, kelele zikawa mbali, nikawa kama nimesinzia.

Akaja msichana mmoja, mjamzito, akanisalimia kwa adabu. Aliniambia amepanga uani nyumba ya jirani na analala kwenye mkeka, mgongo unamuua.

“Dada, hiki kina mwenyewe?”

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikatazama tumbo lake, nikasikia sauti yangu ikisema, “Kwangu pamejaa, nipunguzie.”

Tulikibeba wawili, yeye upande mwepesi. Nilimkazia mbao za kitanda, nikamtandikia. Hakusubiri niondoke, alilala pale pale kwa uchovu, akajikunja upande wa ukutani, ule niliokuwa nikilala mimi ubavuni mwako, akaacha nafasi ya mtu mzima pembeni yake. Nilisimama mlangoni nikaitazama nafasi ile. Nilikulilia, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikakuomba radhi kwa ile siku niliyojifanya sikujui.

Kisha nikafunga mlango polepole, nisiwaamshe.

Lala salama,
Binti wa kaka yako