Jioni ya Saa Saba Mchana

Cucu,

Bibi yangu, nakuomba barua hii uisome peke yako, kisha uikunje na kuifunga kwenye fundo la leso, pale ulipokuwa ukificha ugoro. Usimwonyeshe Guka, babu yangu. Atacheka, halafu atawasimulia wote mlio nao huko, nami sitaweza kuwatazama usoni siku nitakapokuja.

Ni mimi, Mugendi, karani wa maktaba. Bado niko Embu mjini, napiga vitabu mihuri na kuandika majina ya waazimaji. Kule nyumbani Kianjokoma majani chai yanachumwa kama kawaida. Kigoda chako hakuna aliyethubutu kukikalia, isipokuwa paka.

Cucu, siku ile niliyokuja na simu kukurekodi, nilikudanganya.

Mkubwa wangu, Mama Kendi, alitaka hadithi za kuchekesha za huku kwetu, za kusikilizwa na watoto pamoja na wazazi wao. Alinipa ruhusa ya nusu siku. Nilifika saa saba mchana, nawe ukakataa kama ulivyokataa tangu nikiwa mdogo: "Hadithi ya mchana hupoteza mbuzi. Ngoja jua litue." Niliogopa kumpigia Mama Kendi nimwombe muda zaidi. Nilimwogopa yeye kuliko nilivyokuheshimu wewe.

Ulipopitiwa na usingizi kidogo, nilifunga dirisha, nikatundika blanketi mlangoni, nikawasha koroboi ili usikie harufu ya mafuta ya taa. Macho yako yalikuwa hayaoni tena. Ndiyo maana nilithubutu. Ulipoamka nikasema jua limetua. Ukauliza, "Mbuzi wameingia?" Nikajibu, "Wameingia wote, Cucu."

Ukanisimulia habari za Fisi aliyekwenda kuposa akiwa ameficha kiazi cha moto mdomoni. Wakwe wakamuuliza jina, akajibu "Mmm." Wakamuuliza ana ng'ombe wangapi, "Mmm." Wakasema, huyu kijana ana adabu kweli. Nilicheka hadi machozi, nikaiacha simu juu ya kigoda na kwenda jiko la nje kukuchemshia chai. Wakati huo sikuwa na haya hata kidogo.

Haya ilinijia jioni ya kweli, baba mdogo aliponipigia kusema mbuzi wako mweupe amekata kamba. Hakupatikana. Mimi nimesoma, Cucu, najua kamba kuukuu hukatika. Lakini wiki tatu baadaye, tulipokuzika, nilishindwa kutupa udongo. Mkono wenyewe ndio ule uliotundika blanketi.

Sasa Mama Kendi alikuwa amepanga watoto wasikie sauti yako Jumamosi, saa nne asubuhi. Juzi nilijifungia stoo nikasikiliza rekodi yote kwa mara ya kwanza. Hadithi inaisha, nasikika nikitoka. Kisha blanketi linasukumwa, na jirani yako Mama Njeru anasema, "Mbona mmejifungia hivi, kuna mtoto wa surua anayefichwa mwanga?"

Nawe unamjibu, "Sema polepole. Karani wangu ameniletea jioni saa saba."

"Na wewe ukakubali? Na mbuzi je?"

"Kengele ya shule nimeisikia, watoto wakienda kula nimewasikia. Lakini huyu mtoto anatetemeka, Mama Njeru. Mbuzi mmoja akienda, na aende."

Kisha naingia na chai, nawe unanishukuru kwa chai ya jioni.

Afadhali ungenigombeza.

Jana nilimwambia Mama Kendi kila kitu, pamoja na blanketi. Akauliza, "Kwa hivyo unataka nini?" Nikasema watoto waje jua likitua. "Na lango la maktaba atafunga nani?" Nikasema mimi. Akafuta saa nne, akaandika saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nakuahidi, hadithi zako hazitasikika mchana tena, hata kama nitafukuzwa kazi. Lala salama, Cucu.

Ukinitaka, usitumie ile namba ya ofisi niliyokuandikia ukutani kwa makaa. Simu hiyo hupokelewa na wengine. Njoo Jumamosi. Pita mlango wa nyuma, nitauacha wazi. Nitakuwa kwenye kiti cha mwisho, na cha kando yangu nitakiwekea leso asikikalie mtu. Ukifika, niulize kama mbuzi wameingia. Safari hii nitatoka nje kwanza, niangalie.

Mugendi wako